Mimea ya ndani kwa nyumba yenye paka: ipi ibaki sebuleni na ipi itolewe msimu huu wa baridi?

#1 MamaPili_Isanga (Mbeya)
Habari zenu wana jukwaa. Kila mwaka ifikapo Juni mimi huingiza vyungu vyangu sebuleni, kwa sababu baridi ya hapa Mbeya huunguza majani ya mimea iliyozoea joto, na mwaka huu nimeingiza vyungu kumi na vinne. Tofauti ya safari hii ni kwamba nina paka wawili, Chausiku na mwanawe Kijivu, ambao nao hawataki kutoka nje kwa sababu hiyo hiyo ya baridi. Leo alfajiri nilimkuta Kijivu mate yakimtoka, akijifuta mdomo kwa miguu ya mbele, na baada ya muda akatapika mara mbili, matapishi yakiwa na vipande vya majani. Sasa hivi anakula dagaa kama kawaida, lakini mimi moyo haujatulia.

Jirani ameniambia kwamba mimea yote ya ndani ni sumu kwa paka, hivyo nichague moja, paka au maua. Sikubaliani naye, ila sina hoja ya kumjibu. Nilionayo ni hii: lili nyeupe niliyopewa kipandikizi na mama mmoja wa kwaya, ile inayotambaa ambayo wauzaji wa Mwanjelwa huiita maniplanti, alovera, ile yenye majani marefu yaliyosimama kama mapanga, kile kimea chenye majani membamba ya mistari kinachoning'iniza vitoto vyake, kangaga, mchaichai kwenye kopo la dirishani, na mingine ambayo sina jina lake hata moja. Naomba mnisaidie.

#2 BustaniYaMafinga
Pole sana, dada. Kabla ya yote, hiyo lili ni ipi? Nauliza hivyo kwa sababu huku kwetu jina "lili" hubebeshwa mimea isiyo na undugu wowote, na kwa mwenye paka tofauti hiyo ni ya uhai na kifo. Ipo lili yenyewe, Lilium, yenye kitunguu ardhini na ua kubwa kama tarumbeta, ambalo chavua yake ya rangi ya kutu huchafua nguo. Ipo ile ya siku moja, Hemerocallis, ambayo kila ua lake hufunguka na kunyauka siku hiyo hiyo, na nyingi katika bustani zetu ni za rangi ya machungwa. Ipo ile ya kwenye mifereji na kando ya vijito, Zantedeschia, yenye ua jeupe lililokunjwa kama faneli. Na ipo ya sebuleni, Spathiphyllum, yenye majani ya kijani yanayong'aa na ua jeupe lililosimama kama kijiko. Mbili za kwanza humuua paka. Mbili za mwisho humwasha na kumtesa, lakini ni nadra sana kumuua.

#3 Mnyalukolo_Kihesa (Iringa)
Kamwene, wapendwa. Naona hofu imekuwa kubwa kuliko jambo lenyewe. Bibi yangu kule Kalenga alikuwa na paka saba na uwanja uliojaa maua ya kila namna, na sikuwahi kuona paka aliyekufa kwa kula ua. Mnyama anajua mwenyewe kinachomfaa; binadamu ndiye asiyejua.

#4 AfisaMifugo_Njombe
Ndugu Mnyalukolo, nakuheshimu, lakini hapo naomba nikupinge. Paka wa bibi yako walikuwa na uwanja mzima na panya wa kuwinda, na aliyekwenda kufia kichakani hakuna aliyemwona. Paka aliyefungiwa ndani hana kazi, hivyo hutafuna kilicho karibu, hasa akiwa mdogo. Tena ini la paka lina upungufu wa baadhi ya vimeng'enya ambavyo wanyama wengine hutumia kuvunja kemikali za mimea na za dawa, kwa kuwa kwa asili yeye ni mla nyama.

Kuhusu lili mbili za kwanza alizotaja BustaniYaMafinga, sumu yenyewe bado haijatambuliwa na wanasayansi, ila madhara yake kwenye figo za paka yanafahamika vizuri. Kila sehemu ni hatari: jani, petali, kitunguu, chavua, hata maji yaliyokaa kwenye chombo cha maua. Paka akipita chini ya ua, chavua ikamwangukia mgongoni na yeye akajilamba, tayari ameila. Hutapika ndani ya saa chache, kisha huonekana kama amepata nafuu, na hapo ndipo wenye paka hudanganyika, kwa sababu figo hushindwa kufanya kazi kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Akianza kuwekewa dripu ndani ya saa 18 tangu ale, matumaini ni makubwa. Akicheleweshwa hadi mkojo ukakauka, mara nyingi hatumpati tena. Kwa hiyo, Mama Pili, dagaa anaokula Kijivu sasa hivi wasikutulize mpaka tujue ni lili gani.

#5 MamaPili_Isanga
Mkuu, umenitoa jasho na baridi hii. Nimeitazama kwa tochi: haina kitunguu, majani yanang'aa, na ua lake ni kama kijiko. Jani moja la chini lina matundu mawili madogo ambayo nadhani ni ya meno.

#6 BustaniYaMafinga
Basi ni Spathiphyllum, mshukuru Mungu. Ile maniplanti yako pia iko kwenye ukoo huo huo, pamoja na monstera, filodendroni na Dieffenbachia, lile lenye majani mapana ya madoa meupe linalopendwa maofisini.

#7 Mwalimu_Mstaafu (Tukuyu)
Wajukuu zangu, ukoo huo sisi wa Rungwe tunaujua kwa tumbo, kwa sababu ndio ukoo wa magimbi. Aliyewahi kula gimbi ambalo halijaiva anajua lilivyomwasha ulimi na koo. Kinachowasha ni fuwele ndogo sana za kalsiamu oksaleti, zilizochongoka kama sindano, ambazo jani au kiazi hukaa nazo kwa mafungu na kuzifyatua linapotafunwa. Sisi huchemsha magimbi kwa muda mrefu ndipo tule; paka hachemshi. Kwa hiyo mate, kujifuta mdomo na kutapika kwa huyo Kijivu vinanielekeza hapo moja kwa moja, na kwa kawaida hali hiyo huisha yenyewe, isipokuwa koo likivimba hadi mnyama apumue kwa shida.

#8 Fundi_Uyole
Mwalimu, maelezo yako ni mazuri, ila kuna jambo halijaulizwa: mimea hiyo ilinyunyiziwa nini? Kwenye vitalu vya kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia nimewahi kushuhudia muuzaji akinyunyizia dawa ya wadudu asubuhi na kuuza mche mchana. Mimi mwenyewe nilinunua waridi, na waridi si sumu kwa paka, lakini paka wangu alilala chini yake kisha akashinda akitetemeka na kuchezacheza masikio. Daktari aliyempokea alisema dalili hizo ni za dawa za jamii ya permethrini, ambazo paka hawazivumilii kabisa ingawa mbwa huogeshwa nazo.

#9 Mkulima_Umalila
Nami naomba niongeze hapo hapo. Sisi tunalima pareto, na miezi ya ukungu tunalazimika kuanika maua ndani ya nyumba. Pareto yenyewe ni ndugu wa yale maua ya krisanthemamu yanayouzwa kwenye mashada, na kinachoua wadudu kimo ndani ya ua. Paka wetu hukaa mbali na majamvi ya pareto, na sijawahi kumpoteza hata mmoja kwa sababu hiyo, ila yule aliyewahi kulala juu yake alipiga chafya na kutokwa na mate siku nzima. Naona Fundi ana hoja: mate peke yake hayathibitishi kwamba kosa ni la jani.

#10 AfisaMifugo_Njombe
Ni kweli kwamba mate pekee hayathibitishi. Hata hivyo, Fundi, permethrini hutambulika zaidi kwa kutetemeka na degedege, na Kijivu hakutetemeka. Pareto ya asili ni nafuu kuliko permethrini, ambayo imetengenezwa viwandani kwa kuiga pareto na hudumu muda mrefu zaidi. Waogesheni paka kwa sabuni laini na maji ya vuguvugu wakiguswa na dawa yoyote, kisha wafunikwe wasipate baridi.

#11 Kihesa_PakaWatatu (Iringa)
Dada Mama Pili, samahani kwa swali la moja kwa moja: mna sumu ya panya ndani? Na kuna mtu yeyote aliyempa paka kidonge? Nauliza kwa sababu mwaka juzi nilipoteza paka wangu mpendwa, nikailaumu alovera kwa wiki mbili na kuing'oa yote, hadi msichana wa kazi aliponieleza akilia kwamba alimpa nusu kidonge cha parasitamoli kwa sababu alimwona ana homa. Hakuwa na nia mbaya. Nilikuwa sijui, naye alikuwa hajui, kwamba kidonge kimoja tu cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka, na hata pungufu ya hapo humharibu damu. Bado naumia nikikumbuka, na ndiyo maana naomba tusikimbilie kuhukumu mmea.

#12 MamaPili_Isanga
Pole sana, mwenzangu. Hapana, sumu ya panya siitumii tangu nipate Chausiku, na vidonge viko kabatini. Ila nimerudi kuangalia vile vipande alivyotapika, ambavyo nilikuwa nimevifagia nje. Si vya lili. Ni vyembamba na vina mstari mweupe katikati, yaani ni vya kile kimea kinachoning'iniza vitoto.

#13 BustaniYaMafinga
Hapo umetuchanganya wote. Hicho ni Chlorophytum comosum, mmea wa asili ya Afrika hii hii, na ni miongoni mwa ile inayokubalika kabisa kuwa salama kwa paka. Shirika la ASPCA la Marekani, lenye kituo cha ushauri wa sumu za wanyama, limeuweka kwenye orodha ya isiyo na sumu. Tatizo ni kwamba paka wanaupenda mno, na wakila mwingi hutapika.

#14 Mwalimu_Mstaafu (Tukuyu)
Lakini mmea salama haumfanyi paka ajifute mdomo. Matundu ya meno kwenye lili bado yapo. Nadhani alianza kwa lili, akawashwa, akakimbilia majani ya kawaida ili atapike.

#15 Mnyalukolo_Kihesa (Iringa)
Mwalimu, kwa hiyo unakubali kwamba paka alijua dawa yake! Nilisema hivyo mapema mkanipinga.

#16 Mwalimu_Mstaafu (Tukuyu)
Mnyalukolo, nimekubali nusu, nusu nyingine ibaki Kihesa. Kama angejua kweli, asingeigusa lili.

#17 Mtafiti_Makete
Suala la paka kula majani lina maelezo zaidi ya moja. Wengi husema anatafuta kutapika ili atoe manyoya aliyojilamba, ila paka wengi hula majani wasitapike. Wengine wanaona ni tabia iliyorithiwa kutoka kwa paka wa porini, ambao nyuzi za majani ziliwasaidia kusukuma minyoo nje ya utumbo. Hapa Tanzania tuna mfano wa karibu: sokwe wa Gombe na Mahale wameonekana wakikunja majani yenye vinyweleo vikali na kuyameza mazima bila kuyatafuna, na minyoo ikatoka pamoja nayo. Ikiwa paka naye hufanya hivyo kwa sababu hiyo, basi kumnyima majani yote ni kosa, na kinachotakiwa ni kumpa yaliyo salama. Mimi huku Makete huotesha ngano kwenye kopo la siagi. Kwa baridi yetu huchukua siku kumi au zaidi kufikia urefu wa kidole, na tangu nianze, paka wangu wameacha vyungu vingine. Shayiri nayo inafaa.

#18 Fundi_Uyole
Na mchaichai je? Paka wangu huuparamia kuliko ngano.

#19 AfisaMifugo_Njombe
Mchaichai wameuweka kwenye orodha ya yenye madhara kwa sababu ya mafuta yake, ingawa madhara hayo ni ya tumbo tu. Jani moja moja sitalipigia kelele, lakini usiufanye kuwa malisho yake. Mafuta yaliyokamuliwa, ya mchaichai au ya machungwa, ni hatari kubwa zaidi kwa paka, hivyo wale wanaopulizia mafuta ya limau kwenye vyungu ili kufukuza paka waache mara moja.

#20 Mchagga_wa_Soweto (Mbeya)
Mimi nimehamia Mbeya na mimea yangu ya masale kutoka nyumbani Kibosho, na siwezi kuyatupa, kwa sababu kwetu isale ndilo linalobeba msamaha. Je, nalo limo kwenye mabaya?

#21 BustaniYaMafinga
Limo, kaka, ila si kwa kiwango cha kulitupa. Isale ni Dracaena, lina kemikali iitwayo saponini, na paka akilitafuna hutapika na mboni za macho hupanuka. Ile ya mapanga ya Mama Pili, sansevieria, nayo wataalamu wameihamishia kwenye jenasi hiyo hiyo na madhara yake yanafanana. Lipande isale nje kwenye mpaka, mahali pake pa asili. Alovera pia iwekwe nje: ule utomvu wa njano ulio chini ya ganda huendesha tumbo la paka.

Niliyo na wasiwasi nayo zaidi ni mingine. Ile Cycas revoluta inayofanana na mtende mfupi na kuuzwa kama "mtende wa mapambo" huharibu ini, na mbegu zake ndizo mbaya kuliko zote. Mitende midogo ya kweli, Chamaedorea na Dypsis, ni salama, kwa hiyo muuzaji akikuambia "ni mtende tu" usiridhike. Oleanda na Kalanchoe huvuruga mapigo ya moyo. Na ule mti wa ua la tarumbeta linaloning'inia, Brugmansia, ambao kuanzia Njombe hadi Tukuyu umejaa kwenye nyua za nyumba zetu, matawi yake yasiingizwe ndani kupamba meza.

#22 Kihesa_PakaWatatu (Iringa)
Na kangaga?

#23 BustaniYaMafinga
Kangaga halisi, hasa Nephrolepis, ni salama. Ila kuna kile chenye majani laini kama manyoya ambacho hutiwa kwenye mashada ya maharusi na watu hukiita kangaga: hicho ni Asparagus, si kangaga, na vijitunda vyake huleta matapishi na kuhara.

#24 Mama_Kwaya (Mbeya)
Mmetaja mashada, nami ndiye huwapelekea wenzangu maua yanayobaki baada ya harusi. Kusema kweli sikuwahi kufikiria paka. Lili kubwa zenye chavua huwa zimo, na tunazigawa zikiwa na maji yake kwenye ndoo. Kuanzia sasa nitauliza kwanza kama nyumba ina paka.

#25 Mtafiti_Makete
Asante, mama. Kung'oa chavua kwa mkono, kama wapambaji wanavyofanya, hakutoshi, kwa sababu jani na petali bado zina sumu.

#26 Nyota_ya_Rungwe
Kwa nini tusiweke okidi? Kitulo zimejaa, na nasikia okidi ni salama.

#27 Mtafiti_Makete
Okidi ya dukani, Phalaenopsis, ni salama kwa paka. Za Kitulo ziache zilipo, ndugu yangu. Ile ni hifadhi ya taifa tangu 2005, ina aina zipatazo 45 za okidi za ardhini, na tayari zimepungua katika maeneo ya jirani kwa kuchimbwa viazi vyake ili kuuzwa Zambia kutengenezea chakula cha huko kiitwacho chikanda. Tena okidi ya nyasi za juu ukiiweka chunguni hufa. Ukitaka ua la Kitanzania la sebuleni, tafuta violeti ya Afrika: ilitoka Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire akaipeleka Ujerumani mwaka 1892, na leo iko kwenye madirisha ya dunia nzima. Haina sumu kwa paka. Huku baridini inahitaji dirisha lenye jua la asubuhi, na usiku isogezwe mbali na kioo.

#28 Mnyalukolo_Kihesa (Iringa)
Nimejifunza, na kuhusu lili nakubali kushindwa. Lakini Kijivu angepewa maziwa mapema yangekata sumu.

#29 AfisaMifugo_Njombe
Maziwa hayakati sumu ya lili ya kweli wala ya dawa za wadudu, na kuyategemea hupoteza saa zile 18. Kwa muwasho wa fuwele, kijiko kimoja cha maziwa au mtindi hutuliza mdomo, kwa hiyo imani hii haikutoka hewani. Msimnyweshe chumvi wala mafuta ili atapike. Mkaa wa jikoni uliosagwa nao si ule wa hospitali unaonyonya sumu.

#30 MamaPili_Isanga
Nawashukuru wote. Leo ni siku ya nne: Kijivu anakojoa, anacheza na anapanda mapazia. Nimetoa lili, maniplanti, alovera na mapanga na kuziweka kwenye kibaraza cha nyuma chini ya nailoni. Kangaga na kile cha mistari vimebaki, na ngano nimeisia jana. Kuhusu nani mkosaji, baba Pili anaungana na Fundi, kwa kuwa amekumbuka kwamba wiki iliyopita alinyunyizia dawa ya utitiri kibarazani kabla hatujaingiza vyungu. Mimi bado namwamini Mwalimu.

#31 Fundi_Uyole
Namshukuru baba Pili. Osha majani yote kwa maji, hata ya ile iliyo salama.

#32 Mwalimu_Mstaafu (Tukuyu)
Aoshe, ndiyo. Matundu ya meno hayaoshwi.

#33 Mgeni_Tunduma
Samahani, nimesoma uzi wote leo. Nina mbegu ya parachichi niliyoiotesha kwenye glasi ya maji dirishani, na paka wangu hulala pembeni yake. Nimesoma kwamba majani ya parachichi huua mbuzi na sungura.

#34 AfisaMifugo_Njombe
Ni kweli kwa mbuzi, sungura na hasa ndege. Paka huathirika kwa kiasi kidogo zaidi. Ana tabia ya kutafuna majani, au hulala tu?

#35 Mgeni_Tunduma
Hulala tu. Ila maji ya glasi ndiyo anayokunywa.